Namba Mbili za Shangazi

Kipaza, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema siku ile ofisini mama yangu alimrukia shangazi akamvua kilemba, shangazi naye akamtwanga mama na kiti, mpaka afisa wa serikali akaingia chini ya meza na kupiga simu polisi akiwa hukohuko. Anasema walinzi walikuja na mbwa. Anasema mama alitolewa nje kwa kubebwa, miguu juu, bado kashika kilemba, na shangazi nyuma anapiga kelele, "Hisa zangu jamani! Hisa zangu!" mpaka watu wa ghorofa za juu wakachungulia madirishani.

Kipaza hakuwepo. Tulipotoka nilimwacha kibarazani kwake amekaa, na tuliporudi nikamkuta kibarazani kwake amekaa. Mimi ndiye niliyekuwepo, tena katikati yao, maana hakuna kati yao aliyekubali kukaa jirani na mwenzake. Mbwa hawakuwepo. Kilichoanguka ni kiti, nacho kilianguka kwa sababu wote wawili walisimama kwa mpigo mmoja kumwambia afisa yuleyule "Asante!" kwa jibu lilelile, kila mmoja akiamini ameshinda. Kilemba cha shangazi kilinasa kwenye mkono wa kiti. Basi, mambo yaliishia hapo.

Lakini uongo wa Kipaza una miguu na ukweli wangu umekaa, kwa hiyo acha nieleze tangu mwanzo, na atakayechoka ajue mimi nilichoka kabla yake.

Sisi ni madobi. Chumba chetu kiko nyuma ya duka la rangi, chembamba kama korido, na nyuma yake kuna ua wenye matangi ya kusuuzia na kamba za kuanikia. Mama ndiye mwenyekiti wa kikundi. Shangazi, dada yake marehemu baba, kazi yake ni madoa na kusuuza. Kuna Bibi Wanga, ambaye hutia nguo wanga, na jina limetoka hapo tu, ingawa mteja mgeni akisikia tunaita "Bibi Wanga!" huinama kidogo kuangalia kama miguu ya yule bibi inagusa chini. Wenzetu wengine huja kwa zamu. Mimi napiga pasi. Niliishia shule ya msingi nikaingia kwenye pasi, na pasi humfundisha mtu kunyamaza: ukibishana huku mkono uko juu ya shati la mtu, unaliunguza.

Tunaishi kwa mashuka ya zahanati. Mashati ya watu huja na kuondoka, mwenye nayo akifilisika anafua mwenyewe, lakini wagonjwa hawakosekani. Sasa mashine yetu kubwa ikafa. Ilianza kwa kelele kwenye pipa. Fundi akasema ni beringi. Akabadilisha beringi, akasema si beringi. Mwisho akakaa chini, akajifuta jasho, akasema, "Mama, nunueni nyingine, mimi nisiendelee kuwala." Tukaanza kufua mashuka kwa mikono, na shuka la zahanati, aliyewahi kulifua anajua, lina mambo ambayo hayataki kutoka.

Mtunza stoo wa zahanati akaja. Alishika shuka moja kwa ncha za vidole, akalitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Mama zangu," akasema, "nawapenda, lakini mgonjwa hawezi kulalia upendo. Mwezi ukiisha nikakuta bado mnafua kwa mikono, nawapa wengine."

Hakukaa hata kwenye stuli.

Na hela ya mashine ipo. Hapo ndipo ninapotaka kujipiga makofi. Hela ipo, imo ndani ya simu, simu imo ndani ya droo ya meza yangu ya kupigia pasi, na hatuwezi kuitoa.

Zamani fedha za kikundi zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja Mama, mmoja Bibi Wanga, mmoja shangazi. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, hata wawili wakipatana kuiba wanakwama kwa wa tatu. Tuliishi hivyo kwa amani. Kisha akaja muuza vocha, yule mwenye mwavuli mbele ya duka la rangi, akatuambia fedha kwenye sanduku inaliwa na kutu, watu siku hizi wananunua sarafu za mtandaoni. Tukanunua simu ya kikundi, yeye akatuwekea kila kitu ndani. Alipofika kwenye namba ya siri akasema, "Chagueni mmoja aweke."

Mmoja? Akatazamwa kana kwamba ametukana.

Wakafanya kama kufuli. Mama akaweka namba mbili za mwanzo, wengine wote wamegeukia ukuta. Bibi Wanga akaweka mbili za katikati, Mama na shangazi wamegeukia ukuta. Shangazi akaweka mbili za mwisho, na yeye alitutaka tufumbe macho juu ya kugeuka. Simu ikataka irudiwe kuhakikisha. Wakarudia, duru nzima, ukuta, ukuta, ukuta. Muuza vocha alikuwa ameshika kichwa.

"Mama zangu, kitu hiki hakijatengenezwa hivi."

"Na sanduku nalo lilitengenezwa na kufuli moja," Mama akamjibu. "Nyingine tuliongeza wenyewe."

Kwa muda mambo yalikwenda. Mtu akitaka kuona bei, tunaitana, ua mzima unageukia ukuta, simu inafunguka, tunashangilia au tunaguna, tunarudi kwenye matangi. Ujinga ulikuwa ujinga, lakini hakuna hata ndururu iliyopotea.

Mashine ilipokufa Mama akasema tuuze hizo sarafu tununue mashine. Shangazi akasema sawa, tuuze, na mimi nichukue changu.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu bila hili mtu ataona ni ugomvi wa mawifi tu. Kikundi chetu kina sheria ambayo hata mwenzetu aliyelala anaijua. Hisa hugawanywa kadiri mtu alivyoweka: aliyeweka kingi hupata kingi. Kifaa ni cha wote sawa, na hakigawanywi: mashine, pasi, mabeseni, kamba. Kifaa kikiuzwa, kinanunua kifaa. Sheria nzuri, haijawahi kutusumbua, maana kila mtu akiona beseni anajua ni beseni.

Sasa sarafu ni nini?

"Kifaa," Mama akasema. "Tulikinunua pamoja kama tulivyonunua pasi. Kinauzwa, kinanunua mashine. Kwisha."

"Hisa," shangazi akasema. "Mimi niliuza pikipiki ya marehemu mume wangu nikaitia humo. Pikipiki nzima, wifi, si kipande cha sabuni. Nachukua kilicho changu na faida yake."

Nisimwonee shangazi. Mikono yake imeliwa na dawa ya madoa mpaka kucha zimekaa kama maganda ya vitunguu. Akishika kikombe cha moto hasikii, akishika chumvi analia. Anataka atoke kwenye maji kabla maji hayajammaliza. Lakini ukimpa cha kwake chote kwa hesabu ya hisa, kinachobaki hakinunui hata mlango wa mashine, na mashuka yanakwenda, na sisi wote tunabaki na mashati ya watu wanaofilisika. Mimi sikutaka kuingia. Nikawa nasema "kile kitu". Mama akanigombeza kwamba namuunga mkono shangazi. Shangazi akanigombeza kwamba namuunga mkono mama.

Mwisho shangazi akasema neno lake: "Namba zangu siziweki mpaka serikali iniambie hiki ni nini."

Mama akajaribu kumpita. Siku shangazi ametumwa kununua dawa ya madoa, Mama na Bibi Wanga wakaweka namba zao, Mama akamalizia na namba mbili za mwisho za mwaka ambao shangazi alizaliwa. Simu ikakataa. Akajaribu mwaka unaofuata, na mwingine. Simu ikajifunga kutwa nzima, ikaandika kwamba tukiendelea itafuta kila kitu.

"Nilikwambia," Bibi Wanga akasema. "Wifi yako akiweka mwaka wa kuzaliwa si atakuwa amekubali kuwa alizaliwa? Tangu nimjue ana miaka ileile."

Basi tukaanza ofisi. Mama alikwenda akiamini serikali itasema kifaa, shangazi akiamini itasema hisa, nami nilikwenda kwa sababu kila mmoja alitaka shahidi wa kumwona mwenzake anaaibika. Ofisi ya mambo ya fedha walisema hiyo si fedha, nendeni biashara. Biashara wakasema hiyo si bidhaa, haina uzito wala kreti, nendeni polisi. Polisi wakauliza nani kaiba. Tukasema hakuna aliyeiba. Wakasema basi mnatupotezea muda. Mtu wa kodi peke yake ndiye hakuwa na shaka. Alisema iwe fedha, iwe hisa, iwe kiazi, mkiuza mje tuonane.

Ndipo tukaelekezwa kwa afisa wa masoko ya mitaji. Njiani tulikuwa tumejifunza kwamba kwa lugha ya ofisi, hisa na jamaa zake wote huitwa dhamana. Bibi Wanga tulipomwambia aliuliza nani amekamatwa.

Mlinzi wa pale nilimuuliza choo kiko wapi. Akasema, "Inategemea." Choo cha wateja chini, cha wafanyakazi juu. Ningejua, hapo hapo ningegeuka.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, na kola ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi vibaya, imekunjika upande mmoja. Sikuweza kuacha kuitazama.

"Tunataka neno moja tu, mwanangu," shangazi akamwambia. "Hizi sarafu ni dhamana au si dhamana?"

"Inategemea, mama."

Mama akafumba macho.

"Inategemea nini?" shangazi akauliza.

"Sheria haiangalii kitu kinaitwaje. Inaangalia kiliuzwaje. Ngoja niwaulize. Mlitoa hela?"

"Tulitoa."

"Ikaingia chungu kimoja na hela za watu wengine?"

"Chungu hatukukiona," Mama akasema.

"Ni namna ya kusema, mama. Mlitegemea faida?"

"Kwani tulikwenda kutoa sadaka?" shangazi akasema.

"Sawa. Sasa hapa ndipo penye kazi. Hiyo faida ilikuwa itoke wapi? Kwenye kupanda na kushuka kwa soko tu, au kwenye kazi ya watu fulani waliosema wataifanya ipande?"

"Soko tu," Mama akawahi. "Kama mtu anayenunua katoni za sabuni akaziweka. Ikipanda bei anauza."

"Kama ni hivyo si dhamana," afisa akasema. "Sabuni ni sabuni. Lakini kama aliyewauzia aliwaambia kuna watu wanaifanyia kazi, nyie mkae tu mle faida, hapo inakuwa dhamana."

"Asante!" wakasema wote wawili, wakasimama, na kiti kikaenda chini.

Afisa alingoja shangazi anasue kilemba chake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye ameshawahi kuumia, "Sasa yeye aliwaambiaje?"

Walijibu pamoja. Mama alisema muuza vocha alitaja sabuni. Shangazi alisema alitaja vijana wanaojenga mitambo. Mama akasema vijana hakuwasikia. Shangazi akasema wifi yangu husikia anachopenda, hata marehemu kaka yangu alilia nalo hilo. Mama akasema mwache marehemu apumzike, si mwanachama. Afisa alikuwa anageuza kichwa huku na huku, na kola inageuka naye.

"Muulize huyu," shangazi akanielekezea kidole. "Alikuwepo siku zote, anapiga pasi."

"Ndiyo, muulize mwanangu," Mama akasema. "Huyu hajui kudanganya."

Waliniangalia kama watu wanaoangalia chungu kinachokaribia kuchemka. Niliona kila mmoja amenipangia jibu.

"Siku ya kwanza," nikasema, "alisema nunueni kama mtu anayenunua sabuni kabla haijapanda. Wakasitasita. Siku ya pili akasema kuna vijana hodari wanakesha wanaijenga, wakimaliza dunia nzima itazitaka, na ninyi kazi yenu ni kungoja tu. Ndipo wakanunua."

"Alisema yote mawili?"

"Yote mawili."

Afisa akavua miwani akaibana pua yake. "Basi inategemea," akasema. "Inaelekea dhamana, kwa hayo ya siku ya pili. Lakini inategemea hao vijana ni nani, na kama kweli wapo. Mnawajua?"

Hakuna aliyewajua. Shangazi akasema, "Tuseme ni dhamana. Kuanzia hapo?"

"Kuanzia hapo aliyewauzia alitakiwa awe na kibali, na tunaweza kumuita tumhoji."

"Na mgawo wetu?"

"Upi?"

"Wa mimi na huyu wifi yangu."

"Ah. Huo hauko kwetu, mama." Alisema polepole, na alimtazama kila mmoja kwa zamu. "Hata nikikuandikia leo kwa muhuri kwamba ni dhamana, hayo ni ya aliyeuza na aliyenunua. Nyie nyote mlinunua. Mko upande mmoja. Mtagawana vipi, hilo ni la kikundi chenu. Tena mjue, kitu kinaweza kuwa dhamana kikitoka kwa yule mwenye mwavuli, na kisiwe dhamana nyie mkimuuzia mtu baki sokoni."

"Kitu kilekile?" Mama akauliza.

"Kilekile."

"Kinabadilika njiani?"

"Kitu kimekaa, mama. Sheria ndiyo inayobadilika njiani. Kuna mswada unaandaliwa."

"Unatoka lini?"

Yule afisa alifungua mdomo, akatuona nyuso zetu, akaufunga. Namshukuru mpaka leo kwa hilo.

Njia nzima ya kurudi ilikuwa, "Umesikia amesema sabuni ni sabuni," na, "Umesikia amesema inaelekea dhamana." Lile neno kwamba mgawo ni wetu wenyewe lilimwagika pale ofisini, hakuna aliyeliokota. Nikasema, "Lakini alisema hata ikiwa dhamana..." Mama akaniambia mambo ya sheria niwaachie wakubwa. Shangazi akamuunga mkono. Kumbe kukubaliana wanaweza, wakitaka.

Tangu hapo hawakusemeshana. Hawakusemeshana wakiwa chumba kimoja, mikono yao imo kwenye beseni moja, wanakamua shuka lilelile, huyu ameshika ncha ile na yule ncha hii.

"Mwambie mwenzako azungushie kulia," Mama anasema.

"Shangazi, Mama anasema uzungushie kulia."

"Mwambie nimesikia, sijawa kiziwi."

"Mama, shangazi anasema..."

"Mwambie kama amesikia mbona anazungushia kushoto?"

Huku pasi yangu inapoa. Nikirudi mezani nakuta nusu ya shati imekauka, naanza kunyunyizia maji upya, mara naitwa tena. Bibi Wanga aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi ningekuwa wewe ningeunguza kitu makusudi." Nilifikiria.

Na bei inashuka. Simu yetu haifunguki, ila muuza vocha anaona kwenye yake, na kila asubuhi ananiambia nikipita, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa. Leo imeshuka kidogo. Leo imetulia. Leo usiulize.

"Kaka," nikamwambia siku moja, "wewe uliyetuwekea, huwezi kuifungua kwa nyuma?"

"Haina nyuma, dada. Hiyo ndiyo sifa yake."

"Sifa?"

"Nilipowauzia ilikuwa sifa." Akajikuna shingo. "Na mimi nimo humohumo, usidhani. Kiwanja changu kimo humo."

"Na wale vijana wanaokesha?"

"Nasikia wamelala," akasema, na hakucheka.

Nikafika chumbani nimejaa mpaka hapa. Nikaambiwa mtunza stoo amemtuma mtu: kesho asubuhi anakuja kuchukua mashuka yote, yaliyokauka na yaliyo mabichi, isipokuwa akikuta mashine au risiti ya mashine. Kwenye duka la mashine nilishauliza. Wanatoa risiti saa ileile, na hela tunaipata kwa simu muda mfupi tu baada ya kuuza, muuza vocha alinihakikishia hilo na kwa hilo hakudanganya, maana nilimwona mtu akifanya.

Mama alikuwa kwenye stuli, miguu imevimba, anatazama rundo la mashuka. Bibi Wanga alikuwa anakoroga ndoo yake. Shangazi alikuwa nje uani kwenye tangi la mwisho, mgongo kwetu.

"Mama," nikasema, "iite hisa."

"Nini?"

"Sarafu. Iite hisa. Yule afisa alisema ni juu yetu."

"Alisema sabuni ni sabuni."

"Mama." Sikuwahi kumwita hivyo, kwa sauti ile. Bibi Wanga aliacha kukoroga. "Iite hisa. Umwachie jina. Kisha tumkope."

"Tumkope nani?"

"Shangazi. Achukue chake chote kwa hesabu yake, halafu atukopeshe cha mashine, mashuka yatamlipa. Akishalipwa atoke kwenye maji aende zake."

"Nimpigie magoti wifi yangu nikope hela ya kikundi ninachokiongoza?"

"Magoti nitapiga mimi."

Mama akageukia upande wa Bibi Wanga, kutafuta mtu wa kumcheka pamoja naye. Bibi Wanga hakucheka. "Mwenyekiti," akasema, "mgongo wangu umekwisha. Iite hisa, iite kifaa, iite kabichi. Mimi naweka namba zangu."

 Mama akanyoosha mkono bila kuniangalia. Nikatoa simu kwenye droo. Mimi na Bibi Wanga tukageukia ukuta, ingawa sijui tulikuwa tunamficha nani nini. Nikasikia kidole chake mara mbili. Halafu Bibi Wanga, naye akachukua muda wake kama anatia uzi kwenye sindano. Nikapewa simu ina vitone vinne vyeusi na viwili vyeupe, vinangoja. Ikizima kioo namba zote zinafutika, na Mama nilimjua, mara ya pili asingekubali.

Nikatoka uani nimeishika mbele yangu kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa mno, kidole gumba kinaigusa kila mara isilale. Kipaza alikuwa juu ya ukuta wake ametokeza kichwa. Nikapita chini ya mashuka, moja likanipiga usoni, baridi.

Shangazi alikuwa anasuuza shuka ambalo lilikwisha takata. Alinisikia, hakugeuka.

"Amekutuma?"

"Nimejituma."

"Anasemaje?"

"Anasema ni hisa."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. "Amesema yeye? Kwa mdomo wake?"

"Ameweka namba zake, shangazi. Na Bibi Wanga ameweka. Tazama."

Akageuka. Alitazama vile vitone muda mrefu, akainua macho kule mlangoni, ambako Mama alikuwa amesimama amejifanya anakunja shuka kavu. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, ile mikono, maji yanachuruzika kwenye viwiko.

"Ni hisa zako," nikasema. "Zote, kwa hesabu yako, hakuna atakayebisha. Ninachokuomba ni kingine. Utukopeshe za mashine. Kesho asubuhi anachukua mashuka. Yakienda, hata huyo wa kukulipa hatakuwepo. Mashuka yakibaki tunakulipa wewe kwanza kabla ya mtu yeyote, kabla ya Mama, kabla yangu. Ukishalipwa hutagusa tena maji haya."

Alifuta mikono kwenye aproni, upande huu, upande ule, kisha kidole kimoja kimoja. Alifuta hata katikati ya vidole. Bei ilikuwa inashuka na yeye anafuta.

Kioo kikaanza kufifia. Nikakigusa.

"Shangazi," nikasema. "Tukopeshe."

Bomba la tangi lilikuwa bado linatiririka. Alinyoosha mkono, nikasogeza simu karibu, mkono ukapita pembeni ya simu ukafunga bomba. Kipaza akanyoosha shingo juu ya ukuta. Kioo kikafifia tena, nikakigusa tena.

"Shangazi?"

"Geukia ukuta," akasema, akaichukua simu.